Cheti Chini ya Kanga: Haki ya Mjane Mgonjwa Tuliyoichelewesha Wenyewe



Wiki hii tulikusudia kuandika habari za hina na matayarisho ya harusi za Mfunguo Mosi, maana mabiharusi wetu mnatuuliza kila siku. Tutaandika, in shaa Allah. Ila kwanza tuna habari ya nyumbani kwetu ambayo imetukaa kifuani muda mrefu. Ni habari ya ujane, lakini tunaomba mabiharusi ndio muwe wa mwanzo kuisoma, na mkifika mwisho mtajua kwa nini. Dada yetu mkubwa ametupa ruhusa tuisimulie kwa sharti moja, tusimtaje jina.

Msiba wa mbali

Sisi ni ndugu wanne wa kike, tumbo moja. Watatu tupo hapa Unguja. Mkubwa wetu anaishi Columbus, jimbo la Ohio, Marekani, tangu mwaka 2001. Alifuatana na mumewe, shemeji yetu, Allah amrehemu. Shemeji alikuwa mtu wa ghalani, zamu ya usiku, kupakia na kupakua mizigo. Alifanya kazi hiyo hiyo karibu miaka kumi na minane bila kulalamika. Dada alikuwa akilea watoto wa majirani na kupika sambusa, maandazi na visheti vya oda. Akilipwa mkononi, basi, hakuna karatasi wala makato.

Mwaka 2018, akiwa na miaka 50, dada alipata kiharusi. Allah alimnusuru roho, lakini mkono wake wa kulia ulipooza na mguu akawa anauburura. Hakuweza tena kukanda unga wala kumbeba mtoto. Mwaka uliofuata shemeji alirudi kutoka kazini alfajiri, akasali, akajilaza, hakuamka.

Huku Unguja tulifanya kila tulichokijua. Tulisoma hitma, tukapika, watu wakaja kutupa mkono wa pole. Dada alikaa eda yake miezi minne na siku kumi katika chumba chake kule Ohio, na sisi tulikuwa naye kwenye simu usiku na mchana. Mmoja wetu alikuwa akimsomea Yasin kila baada ya Isha mpaka apate usingizi. Eda ilipokwisha tulijiona tumemaliza wajibu wetu.

Kumbe ndio kwanza mambo yanaanza. Kodi ya nyumba haikujua kama kuna msiba. Dawa za presha na za kuzuia damu kuganda zilitaka pesa. Mtoto wake wa mwisho, binti wa miaka 19, aliacha chuo akaingia kazini ili mama yake asitolewe nje. Na sisi huku tukawa tunachanga. Watu wamezoea kuona pesa zinatoka Marekani kuja Zanzibar. Sisi tulikuwa tukikusanya laki hapa, laki pale, mmoja aliuza bangili zake, tukizituma kwenda Marekani. Zikifika kule zilikuwa hazilipi hata wiki moja ya kodi. Ilituuma, lakini tulisema, ndiyo qadar, tusubiri.

Je, hakukuwa na haki yoyote? Tuliuliza, tena mara moja tu. Mtu mmoja wa karibu na familia, mwenye nia njema kabisa, alitwambia: "Mjane hapati kitu cha serikali mpaka afike miaka 60." Dada alikuwa na miaka 51. Akahesabu vidole, akaona miaka tisa, akanyamaza. Na sisi tukanyamaza naye. Kuuliza tena tuliona kama ni tamaa, kama kwamba kaburi la mtu halijakauka na sisi tunatafuta pesa zake. Kisha ikaja korona, kila mtu na lake. Hivi hivi ikapita karibu miaka mitatu.

Neno la usiku wa hina

Mwaka 2022 tulikuwa kwenye hina ya binti wa jirani yetu. Pale pale ukumbini, wakati biharusi ananyoosha mikono anachorwa, tulikaa jirani na mama mmoja wa Kizanzibari aliyekuja kutoka Minneapolis. Mazungumzo yakaja, akaulizia hali ya dada. Tukamwambia: mgonjwa, mjane, anangoja afike 60.

Yule mama aliweka kikombe cha kahawa chini. "Kwani nani kawambia angoje? Mjane mwenye ulemavu anaanza 50."

Tulidhani tumesikia vibaya kwa ajili ya kidumbaki. Akarudia. Yeye mwenyewe ni mjane, ana ugonjwa wa mgongo, na alianza kulipwa akiwa na miaka 53. Usiku ule hatukukaa mpaka mwisho wa hina. Tulirudi nyumbani tukampigia dada, na kwa mara ya mwanzo tangu afe mumewe tulimsikia akilia kwa sauti.

Sheria yenyewe ikoje

Tunaieleza kwa ufupi, maana tunajua wasomaji wetu wengi mna mama, shangazi au dada kule, na baadhi yenu mnaolewa kwenda huko huko.

Marekani kuna mfuko wa Hifadhi ya Jamii, wenyewe wanauita Social Security. Sheria yake ilitiwa saini mwaka 1935, na mwaka 1939 wakaongeza haki za wajane na mayatima. Wajane wenye ulemavu walioko chini ya miaka 60 waliingizwa kwa sheria ya mwaka 1967. Mfuko huu unatokana na mshahara. Mfanyakazi anakatwa asilimia 6.2, na mwajiri wake anatia asilimia 6.2 nyingine. Kwa kazi hiyo anajikusanyia alama, zisizozidi nne kwa mwaka. Akifikisha 40, yaani kama miaka 10 ya kazi, zinatosha kabisa. Aliyefariki akiwa kijana huhitaji chache zaidi.

Kwa hiyo dada hakuwa na alama zake mwenyewe, maana sambusa na kulea watoto vililipwa mkononi. Lakini shemeji alikuwa nazo na zaidi. Kila usiku aliopakia mizigo alikuwa akimwekea mkewe kitu, na wala hatukujua.

Mjane asiyekuwa na ugonjwa anaweza kuanza kuchukua akifika miaka 60. Akianza hapo anapata asilimia 71.5 ya stahiki ya mumewe, na kadiri anavyongoja ndivyo inavyopanda, mpaka afike umri kamili wa kustaafu, ambao kwa waliozaliwa 1962 na kuendelea ni miaka 67. Mjane mwenye ulemavu anaweza kuanza akiwa na miaka 50, na anapata asilimia 71.5 ile ile, hakatwi zaidi kwa kuwa ameanza mapema. Masharti yake makubwa ni haya:

- Ulemavu uwe ulianza kabla ya mume kufariki, au ndani ya miaka 7 baada ya kifo chake.
- Uwe ni ugonjwa au ulemavu unaomzuia kufanya kazi ya kujikimu, na unaotarajiwa kudumu mwaka mmoja au zaidi, au kumfikisha kwenye mauti.
- Ndoa iwe ilidumu angalau miezi 9 kabla ya kifo, isipokuwa katika hali chache, kama vile kifo cha ajali.
- Kuna miezi 5 kamili ya kungoja kabla ya malipo kuanza.

Mjane wa umri wowote anayelea mtoto wa marehemu aliye chini ya miaka 16, au mtoto mwenye ulemavu, naye ana haki yake, asilimia 75. Watoto wenyewe wanalipwa mpaka miaka 18, au 19 ikiwa bado wako skuli ya sekondari. Yote hayo yana kikomo kwa familia nzima. Hata aliyepewa talaka ana haki hii mume wa zamani akifariki, ikiwa ndoa ilidumu miaka 10 au zaidi. Na haki ya ujane ni kwa mume pia akifiwa na mke.

Ombi la ujane halijazwi kwenye mtandao. Unapiga simu au unakwenda ofisini kwao. Namba yao ya bure ni 1-800-772-1213. Ukiomba mkalimani wanakutafutia bila malipo, na hakuna ada ya kuomba. Mtu akikwambia "nipe kiasi fulani nikupitishie," mkimbie. Wakili au mwakilishi wa kweli malipo yake lazima yaidhinishwe na ofisi yenyewe.

Kasha la mama

Dada alipopiga simu, kitu cha mwanzo walichomuuliza ni cheti cha ndoa.

Ndoa ilifungwa hapa Unguja mwaka 1993, mwezi wa Shaabani. Sote tuliikumbuka. Tuliikumbuka biriani, tuliikumbuka kanga ya sare, tuliwakumbuka waliocheza msewe mpaka alfajiri. Picha tunazo albamu mbili. Cheti kiko wapi? Hakuna aliyejua. Dada alidhani kipo kwa mama. Mama, Allah ampe umri, alidhani dada alisafiri nacho.

Tulitafuta siku tatu. Tulipekua makabati, magodoro, mikoba ya zamani. Siku ya tatu mama akasema tujaribu kasha lake. Tukatoa kanga moja moja, zenye kunuka nepthalini, nyingine hazijavaliwa tangu ziliponunuliwa. Chini kabisa, chini ya kanga za kisutu, ikatoka karatasi ya rangi ya chai, imekunjwa mara nne, wadudu wamekula pembe moja. Namba yake ya daftari ilikuwa inasomeka. Tulikaa kitako sakafuni tukacheka na kulia.

Kwa namba ile tuliweza kwenda kutafutiwa kumbukumbu na kupata nakala iliyothibitishwa. Ila likaja jambo la pili, majina. Kwenye cheti dada ameandikwa jina lake, "binti" fulani, kama ilivyo kawaida yetu. Kwenye hati zake za Marekani jina la mwisho ni la babu. Jina la shemeji nalo lilikuwa na herufi moja zaidi kwenye cheti kuliko kwenye kitambulisho chake cha kazi. Sisi hapa tunaona ni mtu yule yule. Mtu wa mbali haoni hivyo. Ilibidi tutafute vyeti vya kuzaliwa vya watoto, pasi za zamani na karatasi za uhamiaji, mpaka zikathibitisha kwamba huyu mke na huyu mume ndio wale wale.

Hapa ndipo tulipowaza sana. Sisi tulikuwa na cheti, angalau. Tumewajua mabinti waliofunga nikaha kule ughaibuni sebuleni, walii yupo, mashahidi wapo, mahari yametolewa, ndoa sahihi mbele ya Allah. Lakini hawakuchukua leseni ya ndoa ya jimbo, ambayo majimbo mengi yanaitaka kabla ya kufungwa ndoa. Mfuko ule unaangalia sheria ya jimbo alilokuwa akiishi marehemu. Mjane asiyekuwa na karatasi ile anaingia katika mtihani mgumu mno wa kuthibitisha kwamba alikuwa mke. Na ndoa ya mke wa pili haitambuliwi na sheria ya kule. Hatusemi haya kumhukumu mtu. Tunasema biharusi ayajue kabla ya kusema ndiyo.

"Alhamdulillah, sijambo"

Baada ya cheti kikaja kitu ambacho hatukukitarajia, na hiki kinatuhusu sisi wanawake wa pwani hasa.

Katika maombi ya ulemavu lazima ueleze maradhi yako. Nani amekutibu, lini, dawa gani, na siku yako inapitaje tangu unapoamka mpaka unapolala. Dada alijaza ile fomu kwa msaada wa binti yake, na binti akatupigia simu amekasirika. "Mama kaandika anapika, anafua, anasafisha nyumba. Ninayefanya yote hayo ni mimi!"

Tukamuuliza dada. Akajibu, "Nitaandikaje kwamba siwezi kupika nyumbani kwangu? Watu watasema nini?"

Na si fomu tu. Kila akienda kwa daktari, akiulizwa hali, anajibu, "Alhamdulillah, sijambo." Daktari anaandika: mgonjwa anaendelea vizuri. Miaka minne ya "sijambo" ilikuwa imejaa kwenye faili lake. Aliyefundishwa kwetu anajua kwamba hilo ni neno la adabu na shukrani, mgonjwa mahututi naye hulisema. Anayesoma faili kule ofisini hajui hivyo, na wala si kosa lake.

Tulizungumza naye usiku mzima. Hatukuwa na elimu kubwa ya kumpa, ila tulimkumbusha kisa cha Nabii Ayyub, alayhi salaam. Aliyataja maradhi yake kwa Mola wake, na juu ya hayo anasifiwa kwa subira. Kusema "naumwa" kwa anayeuliza kwa haki hakuvunji subira. Kuandika kwamba unapika na hupiki ni kutosema kweli, japokuwa nia ni njema. Na kinyume chake ni vile vile, kuzidisha maradhi ili upate pesa ni dhulma na haramu. Aseme kilichopo, asizidishe wala asipunguze.

Fomu ikaandikwa upya. "Siwezi kufunga kifungo cha nguo kwa mkono wa kulia. Siwezi kubeba sufuria la maji. Binti yangu ananisaidia kuoga. Nikipanda ngazi lazima nipumzike katikati." Alisema kila sentensi ilikuwa kama kujivua kanga mbele za watu. Siku aliyokwenda kwa daktari tena, alipoulizwa hali alijibu, "Alhamdulillah kwa kila hali. Na mkono wangu hauwezi."

Jibu, na tulichokipoteza

Tulingoja miezi saba. Barua ilipofika ilisema ombi limekubaliwa.

Kwa mjane mwenye ulemavu, malipo yanaweza kurudi nyuma mpaka miezi 12 kabla ya kuomba, haizidi hapo. Sisi tulichelewa karibu miaka mitatu. Kwa hiyo malipo ya zaidi ya mwaka mzima yalipotea, na hayarudi. Hata ile pesa ndogo ya mara moja, dola 255, ambayo mjane hupewa mume akifa, tuliikosa, maana ina muda wa miaka miwili tu. Bima ya matibabu ya Medicare nayo huja baada ya miezi 24 ya kustahiki malipo ya ulemavu, kwa hivyo kuchelewa kuomba kunaweza kuichelewesha pia. Hakuna ofisi wala mtu wa kumlaumu. Tulichelewa wenyewe, kwa haya, na kwa kushika neno moja la mtu mmoja bila kuliuliza kwa wenyewe. Bangili zile zilizouzwa hazikuhitaji kuuzwa. Binti yule asingeacha chuo.

Amerudi chuoni sasa, alhamdulillah. Siku pesa za mwanzo zilipoingia, dada alilipa deni la kodi, akatoa sadaka kwa nia ya marehemu, kisha akatupigia simu. Alisema maneno machache tu: "Mume wangu bado ananiletea matumizi."

Wote tulinyamaza kwenye simu.

Mambo ya dini tuliyouliza

Tulimuuliza shekhe wetu maswali matatu, na tunawapa tulivyoelewa. Nanyi waulizeni wanavyuoni wenu.

La kwanza, kushughulika na karatasi ndani ya eda. Mjane anakaa eda nyumbani, lakini wanavyuoni wengi wanaruhusu atoke mchana kwa haja ya kweli, na kupiga simu hakuhitaji hata kutoka. Kwa hiyo hakuna sababu ya kungoja eda iishe ndipo uulize haki yako.

La pili, mirathi. Tunajua fungu la mke, robo ikiwa marehemu hakuacha mtoto, thumni ikiwa ameacha. Wengine wanaogopa kwamba malipo haya ya kila mwezi nayo yagawiwe kwa warithi wote. Shekhe alitufahamisha kwamba mali aliyoiacha marehemu ndiyo inayogawiwa. Malipo haya marehemu hakuyamiliki, sheria inamlipa mjane moja kwa moja kila mwezi akiwa hai, na yakikoma hayarithiwi.

La tatu, kuolewa tena. Kwa sheria ya kule, mjane mwenye ulemavu akiolewa baada ya kufika miaka 50, hapotezi haki yake. Mjane asiye na ulemavu ni baada ya miaka 60. Akiolewa kabla ya hapo, kwa kawaida malipo hayapo maadamu ndoa hiyo ipo. Wapo wanaoshauri watu wafunge nikaha ya siri ili pesa zisikatike. Msikubali, dada zetu. Ni kuficha ukweli kwa kiapo, na ndoa ya siri mwenye kuumia mwisho ni mwanamke.

Dada pia aliuliza kama anaweza kurudi nyumbani. Yeye ni raia wa kule, kwa hiyo malipo yanaendelea akiwa huku. Asiyekuwa raia, akikaa nje ya Marekani zaidi ya miezi 6, malipo kwa kawaida husimama, isipokuwa awe na sababu inayokubalika kisheria. Na ile bima ya Medicare kwa kawaida haivuki bahari. Kwa hiyo dada anakuja miezi ya kaskazi, anakula embe zake, kisha anarudi kwa matibabu.

Na sisi tuliobaki huku?

Msifikiri habari hii ni ya Ohio tu. Kama mume wako ameajiriwa hapa Zanzibar, muulize leo: ni mwanachama wa ZSSF? Ameandika jina lako na la watoto kuwa wategemezi, au bado limeandikwa la mama yake tangu alipokuwa hajaoa? Pensheni Jamii yetu, iliyoanza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, ni neema kubwa, lakini ni kwa wazee wa miaka 70 na zaidi. Mjane wa miaka 52 mwenye kiharusi haimfikii. Kwake yeye, michango ya mumewe na karatasi zake ndizo zitakazosema.

Bahasha ya biharusi

Sasa tunarudi kwenu, mabiharusi. Somo anakufundisha mengi, na mama anakujazia sanduku, kanga, udi, manukato, shuka za kudarizi. Tunaomba ndani ya sanduku hilo itiwe bahasha moja ngumu, isiyopita maji. Ndani yake:

- Cheti cha ndoa chenyewe, na nakala mbili zilizothibitishwa. Kabla ya kutoka mbele ya kadhi, someni majina herufi kwa herufi, yalingane na pasi na vitambulisho.
- Nakala za vyeti vya kuzaliwa, chako na cha mumeo, na baadaye vya watoto.
- Namba ya mfuko wa hifadhi ya jamii wa mumeo, na wako pia ukiwa unafanya kazi.
- Karatasi za hospitali kila mmoja wenu atakapougua, zenye tarehe na jina la daktari.
- Ukiolewa ughaibuni, leseni na cheti cha ndoa cha nchi ile, juu ya nikaha yako.

Piga picha kila karatasi, mpelekee dada au mama unayemwamini. Mwambie mumeo bila ya kuona haya. Mume mwema hatodhani unamwombea kifo. Shemeji yetu lau tungemuuliza, tuna yakini angeleta karatasi zake zote mezani usiku ule ule kabla hajakwenda zamu.

Na wewe mwenye mama au shangazi mjane na mgonjwa, popote alipo, mpigie leo. Akikujibu "alhamdulillah, sijambo," muulize tena kwa upole, mkono unafika wapi, ngazi anapandaje, nani anamwogesha. Kisha muulize cheti chake cha ndoa kiko wapi.

Cha dada sasa kiko kwenye bahasha ya plastiki, ndani ya kabati la mama, rafu ya juu. Kanga tumezirudisha kwenye kasha kama zilivyokuwa.

Allah awarehemu waume zetu waliotangulia, awaponye wagonjwa wetu, na azitie baraka ndoa za mabiharusi wetu wote. Aamin.